Sayansi Iko Mchangani



Hebu mfikirie mtoto wa gredi ya nne pale Habaswein. Ubaoni mwalimu ameandika kuhusu wadudu, mtoto ananakili na kukariri. Nje ya mlango, mchangani, kuna vile vishimo vidogo vya mviringo unavyovijua. Chini ya kila kishimo amejificha mdudu anayemvizia sisimizi ateleze aingie. Mtoto huyu ameshavichezea mara ngapi? Lakini nani alimwambia kwamba hiyo nayo ni sayansi?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 wataalamu walikutana Kano, Nigeria, ukazaliwa mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika. Kenya ilikuwamo. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: mtoto asiambiwe tu, aangalie mwenyewe, ajaribu, aulize. Somo mojawapo lilihusu mdudu huyohuyo wa mchangani. Swali likikushinda, ulifundishwa kumwuliza mdudu, yaani umtazame anafanya nini.

Baadaye Mkanada Eleanor Duckworth alikuja Kenya kuupima mpango huo. Hakuwapa watoto mtihani wa kuandika. Aliwawekea vifaa mezani, akatazama wanavifanyia nini. Waliosoma kwa njia ile walibuni mambo mengi kuliko wenzao.

Sasa tazama sisi tulikuwa wapi. Wakoloni walikuwa wameifunga NFD, hata kuingia na kutoka kulitaka kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya shifta vikawaka kuanzia 1963 hadi 1967, na hali ya hatari ikaendelea miaka mingi baada ya hapo. Wenzetu walikuwa wakijenga madarasa, sisi tukizika watu. Halafu kuanzia 1985 ukaja mtihani wa KCPE, uliodumu hadi 2023, na sayansi ikawa ni kuchagua A, B, C au D. Mdudu akasahaulika.

Januari 2020 walimu waliuawa na magaidi huko Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Shule zikabaki na pengo kubwa. Tusiwalaumu walioondoka, nani asiyependa uhai wake? Lakini tujiulize: mbona kwa miaka yote hiyo tulitegemea watoto wa watu wengine waje kuwafundisha wetu?

Ndugu yangu uliyemaliza kidato cha nne, ualimu usiuone kazi ya waliokosa nyingine. Na wewe mzazi, usingoje maabara. Mwezi huu simika fimbo wima uani. Mwambie mwanao aweke alama kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, kisha kikianza tu kurefuka, adhuhuri imeingia. Kivuli kikiongezeka kwa urefu wa fimbo yenyewe, hiyo ni alasiri. Habaswein iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Machi kivuli cha mchana karibu kitoweke. Usimwambie kwa nini. Mwache aulize.

Wazee wetu waliijua misimu ya mvua kwa kutazama nyota, na hawakuwa na vitabu. Walikuwa na macho na subira. Mtoto wako anavyo vyote viwili, usimnyamazishe akiuliza.