Ujira wa Gozi: Madai ya Wanawake Wanakandanda wa Marekani

Kandanda ya wanawake si jambo la jana wala juzi. Tarehe 26 Desemba, 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, watu wapatao 53,000 walifurika kuwatazama akina dada wa timu ya Dick, Kerr, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mjini Preston, wakicheza ili kuchangisha fedha za hisani. Haukupita mwaka mzima, Chama cha Kandanda cha Uingereza, tarehe 5 Desemba, 1921, kikapitisha azimio kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikawafungia viwanja vya vilabu vyake vyote. Marufuku hayo yalidumu hata mwaka 1971. Naitanguliza habari hii kwa kuwa wale wanaosema kwamba mchezo wa wanawake hauna watazamaji, na kwa hiyo haustahili malipo, aghalabu husahau ni nani aliyewafungia watazamaji hao mlango.

Walakini vita vya ujira vilivyovuma kuliko vyote vilipiganwa Marekani. Huko, sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali iliwafungulia wasichana viwanja vya michezo, na mavuno yake yakaonekana upesi. Mwaka 1991, Kombe la Dunia la wanawake lilipochezwa kwa mara ya kwanza, huko China, Wamarekani ndio waliolitwaa kwa kuifunga Norway mabao 2 kwa 1. Mabingwa hao wa dunia walikuwa wakipewa posho ya dola 10 kwa siku.

Mgogoro wa kwanza ulizuka mwishoni mwa mwaka 1995. Shirikisho la Kandanda la Marekani lilitaka kuwatunza wachezaji endapo tu wangepata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka uliofuata. Wao wakataka fedha nayo ihesabiwe. Julie Foudy, mmoja wa wachezaji hao, alikuwa amekwenda kutaka shauri kwa Billie Jean King, yule mcheza tenisi ambaye juhudi zake zilifanya mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1973 kuwa ya kwanza kutoa zawadi sawa kwa wanaume na wanawake. Shauri lilikuwa moja: msicheze. Wachezaji tisa waligoma kutia sahihi, wakafungiwa nje ya kambi, na hatimaye shirikisho likalegea. Mwaka 1996 walichukua dhahabu mbele ya watu zaidi ya 76,000. Na mwaka 1999, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Pasadena, watazamaji walikuwa 90,185. Hoja ya watazamaji ilikuwa imekwisha kujibiwa kwa miguu.

Hapa yafaa msomaji aelewe vema jinsi malipo yenyewe yalivyokuwa, maana wengi huizungumza habari hii kana kwamba ni mizani moja yenye vipimo viwili. Wanaume walilipwa kwa mchezo: aliyeitwa alipata, asiyeitwa hakupata, na bahashishi ya ushindi ilikuwa nono. Wanawake, ambao hawakuwa na vilabu vya kuwalipa mishahara ya kutosha, walijadiliana mkataba mwingine: mshahara wa kudumu, bima ya afya, na ulinzi kwa aliye mjamzito, ila bahashishi ikawa ndogo. Mtu asiye na akiba hununua usalama kwa bei ghali. Ndivyo ilivyo kwa kibarua, ndivyo ilivyokuwa kwa mabingwa hawa.

Mwaka 2015 walitwaa tena Kombe la Dunia, wakiifunga Japani 5 kwa 2. Zawadi ya Shirikisho la Kandanda Duniani kwa bingwa ilikuwa dola milioni 2. Wanaume wa Ujerumani, mwaka 2014, walikuwa wamepewa milioni 35. Mwezi wa Machi 2016 wachezaji watano walipeleka malalamiko kwenye tume ya serikali ya usawa kazini, na tarehe 8 Machi, 2019, Siku ya Wanawake Duniani, wachezaji 28 wakafungua kesi katika mahakama ya Los Angeles. Julai hiyo wakashinda fainali mjini Lyon, na jukwaa zima likawa linaimba kudai malipo sawa.

Mawakili wa shirikisho, katika utetezi wao, waliandika kwamba kazi ya mwanamke uwanjani haihitaji ustadi wala nguvu kama ya mwanamume. Maneno hayo yaliwachukiza hata wadhamini, na rais wa shirikisho, Carlos Cordeiro, akajiuzulu mwezi wa Machi 2020. Hata hivyo jaji aliyatupa madai ya ujira tarehe 1 Mei, 2020: wanawake, alisema, walipata kama dola 220,000 kwa mchezo kwa timu nzima, na wanaume kama 212,000. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini kwangu mimi ilikuwa na upungufu: wanawake walifikia kiasi hicho kwa kuwa mabingwa wa dunia, ilhali wanaume walishindwa hata kufuzu kwa Kombe la mwaka 2018.

Rufaa haikufika mwisho. Februari 2022 shirikisho lilikubali kulipa dola milioni 24, na mwezi wa Mei timu zote mbili zikapata mikataba ya malipo sawa hadi mwaka 2028. Jambo jipya kabisa lilikuwa kwamba zawadi za Kombe la Dunia za wanaume na za wanawake zingetiwa katika chungu kimoja. Wanaume walipofika kumi na sita bora huko Qatar mwishoni mwa mwaka huo, walipata dola milioni 13. Shirikisho likakata fungu la kumi, na zilizosalia zikagawanywa nusu kwa nusu. Wanawake hawakucheza hata dakika moja Qatar, lakini sehemu yao ilikaribia milioni 6, yaani sawa na zawadi zote za makombe yao mawili ya 2015 na 2019. Mwaka 2023 wao nao walitolewa katika hatua hiyo hiyo, na Sweden, kwa mikwaju ya penalti, na zawadi yao, iliyokuwa ndogo mno ikilinganishwa na ile ya Qatar, ikaingia chunguni vilevile.