China na India: Wanashirikiana, wanapigana vikumbo, na dhahabu ya Tarime iko katikati

Ukisimama stendi ya Tarime mjini au Mugumu, wilayani Serengeti, utaona bodaboda za aina mbili kubwa. Kuna Boxer na TVS, hizo ni za India. Kuna SanLG na Haojue, hizo ni za China. Vijana wanabishana kila siku ipi inavumilia zaidi njia mbovu na ipi ina spea za bei poa.

Ubishi huo wa kijiweni ni kipande kidogo cha jambo kubwa. China na India ni mataifa mawili yenye watu wengi kuliko yote duniani, na uchumi wao umekua kwa kasi. Wanakaa meza moja, lakini kila mmoja anamchungulia mwenzake.

Marafiki au maadui?

Vyote kwa pamoja. China na India ni waasisi wa kundi la BRICS pamoja na Urusi na Brazil. Mkutano wao wa kwanza wa wakuu wa nchi ulifanyika 2009, Afrika Kusini ikaalikwa 2010, na Januari 2024 wakaingia wengine wakiwemo Misri, Ethiopia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Jirani zetu Uganda walipata hadhi ya nchi mshirika Januari 2025.

Lakini Juni 2020 wanajeshi wa China na India walipigana kwenye bonde la Galwan, mpakani kwao milimani. Wanajeshi 20 wa India waliuawa, na China nayo ikatangaza vifo vya askari wake. Miaka 4 baadaye, Oktoba 2024, walikubaliana kuhusu doria za mpakani. Siku chache tu baada ya hapo Xi Jinping na Narendra Modi wakakutana mjini Kazan, Urusi, kwenye mkutano wa BRICS.

Hata katika miaka hiyo ya kununiana biashara haikusimama. India imeendelea kununua bidhaa kibao kutoka China, nyingi kuliko inazouza huko.

Dhahabu inaingiaje hapa?

Hawa wawili ndio watumiaji wakubwa wa dhahabu duniani. India dhahabu ni harusi, sikukuu na akiba ya familia. Julai 2024 serikali yake ilishusha ushuru wa kuingiza dhahabu kutoka asilimia 15 hadi 6.

Benki kuu nazo zimo sokoni. Baada ya nchi za Magharibi kuzuia akiba ya Urusi ya takribani dola bilioni 300 mwaka 2022, nchi nyingi zilianza kujiuliza kama ni salama kuweka akiba yote kwa dola. Benki Kuu ya China ilinunua dhahabu miezi 18 mfululizo, kuanzia Novemba 2022 hadi Aprili 2024, ikapumzika, kisha ikarudi Novemba 2024. Benki Kuu ya India nayo ilinunua zaidi ya tani 70 mwaka 2024.

Manunuzi hayo ni moja ya sababu za bei kupaa. Mwanzoni mwa 2024 wakia moja, yaani gramu 31.1, ilikuwa kama dola 2,060. Oktoba 2025 ikavuka dola 4,000. Kwa lugha ya mchimbaji, gramu ya dhahabu safi ilitoka dola 66 hivi ikafika karibu 129.

Mgodi wa North Mara ulivyokaribia kuwa wa Wachina

Mgodi wa North Mara, Nyamongo, wilayani Tarime, ulianza uzalishaji 2002. Kampuni ya Barrick ya Kanada iliuchukua 2006, na baadaye ukawa chini ya African Barrick Gold.

Agosti 2012 Barrick ilitangaza kwamba iko kwenye mazungumzo na China National Gold, kampuni ya serikali ya China, ili kuiuzia hisa zake za karibu asilimia 74 ndani ya African Barrick Gold. Dili lingepita, North Mara na Bulyanhulu zingekuwa mikononi mwa Beijing. Januari 2013 mazungumzo yakavunjika bila makubaliano.

Leo mgodi uko chini ya Twiga Minerals, ubia wa Barrick na Serikali ya Tanzania. Serikali ina hisa asilimia 16.

Serengeti nako je?

Upande wa Serengeti, kinachogombewa ni mgeni. Mei 2024 filamu ya Amazing Tanzania, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan ameshiriki, ilizinduliwa Beijing kuvuta watalii wa China. India nayo ina usafiri wa moja kwa moja: Air Tanzania ilianza kwenda Mumbai Julai 2019.

Kwa vijiji kama Robanda, vilivyomo kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona (WMA), mapato ya utalii ni ishu ya madarasa na zahanati. Wageni wakitoka nchi nyingi, soko moja likiyumba hasara haiwi kubwa sana.

Tanzania imesimama upande gani?

Haijachagua. Novemba 2022 Rais Samia alikwenda China, na uhusiano ukapandishwa kuwa ushirikiano wa kimkakati wa kina. Oktoba 2023 akaenda India, nako ukatangazwa ushirikiano wa kimkakati. Ziara hiyo pia iligusa biashara kwa kutumia shilingi na rupia bila kupitia dola. Mwezi uliofuata tawi la chuo cha IIT Madras likafunguliwa Zanzibar.

Njia hiyo ina mizizi Mara kwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikwenda China 1965, na Wachina wakajenga reli ya TAZARA ya kilomita 1,860. Kuanzia 1987 aliongoza Tume ya Kusini, katibu mkuu wake akiwa Manmohan Singh, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India. Na 1995 Mwalimu alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi na serikali ya India.

Mwananchi wa Tarime anapata nini?

Bei kupanda haimaanishi pesa kuingia mfukoni yenyewe. Kuna mambo 3 ya kuangalia.

Kwanza, ushuru wa huduma. Halmashauri hutoza asilimia ndogo ya mauzo. Thamani ya mauzo ikipanda, nao unapanda, hivyo wananchi wana haki ya kuuliza kwenye mikutano ya kijiji na baraza la madiwani pesa zimejenga nini.

Pili, soko la madini. Tangu 2019 mchimbaji mdogo anaweza kuuza kwenye masoko rasmi, ambako bei elekezi inafuata soko la dunia. Anayeuzia broka shimoni bila kujua bei ya siku anampa mwingine faida yake.

Tatu, kusafisha dhahabu nchini. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya viwanda vya ndani, kikiwemo cha Mwanza, na Benki Kuu ya Tanzania inanunua. Muuzaji hulipa mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6.

Hapo ndipo Tanzania inafanya kilekile ambacho China na India wanafanya: kuweka dhahabu kwenye akiba yake yenyewe. Wakubwa wataendelea kushikana mikono leo na kununiana kesho. Kwa Nyamongo, cha maana ni kiasi gani kinabaki kabla mzigo haujaondoka.