Kisasi cha Baba na Swali la Yakini: Riwaya ya Uhalifu Mbele ya Mauaji ya Shinyanga na Geita

Miongoni mwa visa vyote ambavyo fasihi ya uhalifu imeviasisi, hakuna kinachouteka moyo wa msomaji kwa wepesi kama kisa cha baba aliyeuliwa mwanawe, ambaye, baada ya kuona milango ya haki imefungwa mbele yake, huinuka peke yake kwenda kumtafuta muuaji. Thomas Kyd, mtunzi wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 16, alimweka jukwaani Hieronimo, mzee aliyekuwa yeye mwenyewe hakimu wa kasri la mfalme, akakosa haki kwa ajili ya mwanawe Horatio katika baraza lile lile alilolitumikia. Na filamu za siku zetu, ambazo vijana wa miji ya migodi huzitazama katika vibanda vya video, hazijachoka kukikariri kisa hicho. Msomaji au mtazamaji huwa upande wa baba tangu mwanzo hadi mwisho, wala haimpitikii kujiuliza kama aliyeuawa kwa kisasi ndiye kweli aliyeua.

Hoja ya makala haya ni kwamba huruma hiyo yote imejengwa juu ya jambo moja ambalo mwandishi hutupa bila ya sisi kulilipia, nalo ni yakini. Twamjua muuaji kwa sababu tumeoneshwa, ama kwa sababu mwandishi ametuahidi kwamba baba hatakosea. Lakini katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako kisasi cha baba si kisa cha vitabuni tu, yakini ndicho kitu adimu kuliko vyote, na mahali pake hukaliwa na dhana iliyovikwa joho la elimu. Kwa hiyo riwaya ya kisasi itakayoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi hiyo, ikiwa itawatendea insafu, haina budi kuwa kwanza riwaya ya upelelezi.

Mapokeo yetu wenyewe yana hazina kubwa katika jambo hili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, alituletea Bwana Msa na kiko chake, mtu ambaye kazi yake yote ni kuuliza, kulinganisha na kungoja. Maiti imekutwa penye mzimu, watu wamekwisha kutetemeka na kunong'ona, naye hushughulika na nyayo na mirathi na maneno ya mashahidi, hata ikabainika kwamba aliyeua ni mwanadamu mwenye sababu za kibinadamu. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliendeleza kazi hiyo kwa kumkabidhi afisa wa polisi. Baadaye Elvis Musiba, katika Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979, aliligeuza lengo: jasusi wake, Willy Gamba, anapigana vita vya bara zima dhidi ya maadui wa ukombozi, na adui wa namna hiyo hahitaji kuthibitishwa sana. Simlaumu Musiba, maana zama zake zilimwita kwenye kazi hiyo. Nasema tu kwamba kutoka kwa Bwana Msa hadi kwa Gamba riwaya yetu ilipata mbio, ikapoteza subira.

Sasa na tuitazame nchi yenyewe. Tangu miaka ya 1970, na hata kabla yake, vijiji vya Usukuma vimezika vikongwe, wengi wao wanawake, waliokatwa mapanga usiku kwa tuhuma za uchawi. Na msomi Simeon Mesaki, aliyeyachunguza mauaji hayo kwa miaka mingi, ameonesha jinsi yanavyofungamana na maradhi, ugomvi wa mali na matatizo ya kijamii ya wakati wake. Tukiyafuata mengi ya mauaji hayo hadi chimbuko lake, aghalabu twakuta mzazi mwenye msiba. Mtoto amefariki kwa homa. Baba, ambaye hakupewa na zahanati maelezo yanayomtosha, amekwenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyemmaliza mwanawe. Ramli imemtajia jirani, au mama mkwe, au bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia. Na fedha zimetolewa kwa watu wa kuifanya kazi. Machoni pake mwenyewe baba huyu si jambazi. Yeye ndiye shujaa wa riwaya ya kisasi, mwenye ghadhabu ile ile, uchungu ule ule na hakika ile ile, isipokuwa kwamba yule aliyeuawa kwa kisasi chake hakuua mtu.

Hapa ndipo tofauti ya kisasi na upelelezi inapodhihirika. Kisasi huanza na jina, kisha hutafuta njia ya kulifikia. Upelelezi huanza na swali, na jina huja mwisho, baada ya majina mengine mengi kusafishwa. Mafakihi wa Kiislamu, waliomkubalia walii wa aliyeuawa haki ya kudai kisasi, au kupokea diya, au kusamehe, hawakumkubalia kamwe kujitajia muuaji mwenyewe, bali walimfikisha mbele ya kadhi na kumtaka bayana. Sheria ya kikoloni nayo ilitatizwa na jambo hilo hilo: ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na mwaka 1941, katika shauri lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikiri kwamba imani ya uchawi yaweza kuwa uchokozi wa kupunguza kosa la mwenye kuua, lakini ikaifunga imani hiyo kwa masharti mazito. Katika sheria hizi mbili, uchungu wa mfiwa ulistahiwa, lakini haukupokewa kuwa ushahidi.

Wala si baba peke yake aliyenaswa katika mtego huo. Hata dola imenaswa. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowashika. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, wala hakutuhumiwa kwamba alimgusa mtu, alijiuzulu Januari 1977 kwa kuubeba wajibu wa wizara yake, tendo ambalo hadi leo latajwa kuwa kipimo cha adili ya uongozi. Miaka michache baadaye, yapata 1982, wanavijiji wa pande za Kahama na mpaka wa Tabora, waliochoshwa na wezi wa ng'ombe na unyang'anyi wa bunduki, walianzisha Sungusungu, wakajilinda kwa pinde, mishale na mbiu ya yowe, hata ng'ombe wakalala salama na serikali ikawaingiza katika sheria mwaka 1989. Sifa hiyo ni yao kwa haki. Lakini jeshi lile lile lililomfuata mwizi kwa nyayo zilizoonekana lilipogeuka kuwafuata wachawi lilikosa nyayo za kufuata, na adhabu ikatangulia ushahidi.

Kisha yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyotapakaa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007 hivi. Mtafiti Deborah Bryceson na wenzake wameyahusisha na maisha ya wachimbaji wadogo, ambao hushuka katika maduara kwa kamba, husaga mawe kwenye karasha na kukamatisha dhahabu kwa zebaki, na ambao, kwa kuwa mmoja hutajirika na kumi wakarudi mikono mitupu pasi na sababu ya kuonekana, huwa soko jepesi la mganga auzaye bahati. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino kutoka Bukombe, wilaya iliyokuwa ya Shinyanga na ambayo tangu 2012 ni ya Mkoa wa Geita. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya namna yake nchini. Machi 2015 watu wanne walihukumiwa vivyo hivyo kwa mauaji ya mwanamke mwenye ualbino yaliyotokea Geita mwaka 2008, na mmoja wao alikuwa mume wa marehemu. Mwandishi wa riwaya na asimame hapo atafakari. Kisa cha baba mlipa kisasi hudhani kwamba hatari hutoka nje ya nyumba. Mashauri yetu yameonesha kwamba huweza kulala ndani yake, na kisasi kisichopeleleza kingekwenda kumwaga damu ya jirani ilhali mwenye hatia anapokea rambirambi.

Najua litakalosemwa dhidi yangu. Litasemwa kwamba mfiwa hana wakati wa kungoja, kwamba polisi wako mbali na kesi hukaa miaka, na kwamba ghadhabu ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Hoja hiyo ina uzito, na ilimlemea hata kiongozi mkubwa: Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, kwa uchungu wa mauaji hayo, alitamka kwamba anayekutwa akimuua mtu mwenye ualbino naye auawe, na alipohojiwa bungeni kuhusu maneno hayo alitokwa na machozi. Hakuna mwenye moyo atakayeyadharau machozi yale. Lakini mwaka huo huo serikali iliwaita wananchi wapige kura za siri kuwataja washukiwa, na majina, kama tulivyokwisha kuona, ndiyo bidhaa isiyowahi kuadimika katika nchi hii. Kilichoadimika ni kazi kama ya mwandishi wa habari Vicky Ntetema, ambaye mwaka 2008 aliwaendea waganga akijifanya mteja, akayasikia maneno yao kwa masikio yake na kuyatangaza, hata akalazimika kujificha kwa vitisho vilivyomfuata. Ushujaa wake haukupungukiwa na msisimko wowote wa riwaya, nao ulipatikana bila ya kumwaga damu.

Hata Hieronimo wa Kyd, alipopokea barua ya kwanza yenye majina ya wauaji, hakuiamini papo hapo, bali aliogopa kuwa ni mtego, akangoja hadi barua ya pili ilipoithibitisha. Mtunzi wa karne ya 16 alijua kwamba baba asiyeuliza hawezi kuwa shujaa. Basi nawasihi watunzi wa Kiswahili wanaokitamani kisa hiki, na wachapishaji watakaokipokea: mpeni baba wa Shinyanga uchungu wake wote, msimpunguzie hata chembe, lakini mumfikishe mlangoni kwa mpiga ramli, mumsikilizishe jina, kisha mumfanye aulize limejulikanaje. Riwaya itakayomfundisha msomaji kuuliza hivyo yaweza kumwokoa bibi kizee mmoja kijijini kwake. Na ile itakayomfundisha kuliamini jina kwa sababu tu limetamkwa mbele ya mfiwa, hata ikipendwa namna gani, itakuwa imemsaidia muuaji.