Betri za Kuhifadhi Umeme: Suluhisho kwa Wafanyabiashara wa Dodoma Wenye Laini Iliyozidiwa

Betri ya kuhifadhi umeme ni mtambo unaopokea umeme wakati matumizi ni madogo na kuutoa mahitaji yanapopanda. Kwa mfanyabiashara ambaye mashine zake zinahitaji umeme mwingi kuliko uwezo wa laini au transfoma inayomhudumia, mtambo huo humwezesha kuendelea na uzalishaji huku akisubiri miundombinu iimarishwe.

Suala hilo lina uzito wa pekee mkoani Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake Makao Makuu ya Nchi, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018, ofisi, hoteli, makazi na viwanda vimeongezeka. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR), ambayo safari zake zilifika Dodoma mwaka 2024, nayo inategemea nishati hiyo.

Kwa upande wa uzalishaji, Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lina uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo, umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, na kumfikia mwenye mashine Kibaigwa ni jambo jingine. Umeme hupita katika njia za msongo mkubwa, vituo vya kupoza umeme kama Zuzu, laini za usambazaji na hatimaye transfoma ya mtaani. Kiungo kimoja kikizidiwa, mteja hawezi kuongezewa umeme hata kama mabwawa yamejaa.

Ukubwa wa betri hupatikana kwa hesabu rahisi. Kwa mfano, kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kilichoruhusiwa kilowati 100 kinaweza kuhitaji kilowati 140 kwa saa mbili kila siku. Pengo ni kilowati 40, sawa na uniti 80 kwa saa hizo mbili. Kwa kuwa haishauriwi kuimaliza betri kabisa, ikitumika kwa asilimia 80, kiwanda kitahitaji betri ya uniti 100. Kuijaza usiku kwa saa nane kutahitaji kilowati 10 hadi 12 tu, kiasi ambacho laini inaweza kukimudu.

Ipo pia nafuu ya gharama. Wateja wakubwa wa TANESCO walio katika makundi ya T2 na T3 hulipia uniti walizotumia pamoja na kiwango chao cha juu cha mahitaji kwa mwezi, kinachopimwa kwa kVA. Betri ikipunguza kilele hicho, gharama hiyo nayo hupungua.

Nchini Uholanzi, ambako kampuni nyingi zimekuwa zikisubiri kuunganishwa kutokana na gridi kuelemewa, betri zimekuwa miongoni mwa njia zinazotumika kujinusuru.

Pamoja na manufaa hayo, betri haizalishi umeme. Umeme ukikosekana kwa siku nzima, itakwisha isipokuwa iwe imeunganishwa na sola au jenereta. Ukanda wa kati, wenye kiangazi kirefu na jua la kutosha, unafaa kwa sola. Izingatiwe pia kwamba mota inapowashwa moja kwa moja huweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida. Inveta isiyohimili mshtuko huo itajizima.

Kabla ya kununua, mfanyabiashara anashauriwa kupima matumizi yake kwa kila saa, kuwasiliana na ofisi ya TANESCO iliyo karibu kuhusu uwezo wa laini yake, na kumtumia fundi mwenye leseni ya EWURA. Mfumo lazima uwe na kifaa kinachoutenganisha na gridi umeme unapokatika, kwani umeme unaorudi kwenye laini unaweza kumuua fundi anayeifanyia matengenezo. Betri iwekwe mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, kwa kuwa joto hufupisha maisha yake, na iliyochakaa ikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka hatarishi aliyesajiliwa.

Aidha, mwenye mashine anayepima kwanza ndipo anunue huepuka hasara ya aina mbili: betri ndogo isiyoziba pengo, na betri kubwa inayofunga mtaji ambao ungenunua alizeti ya msimu.