Mistari iliyo sawa, macho yasiyokubali

Mistari miwili ya urefu mmoja huchorwa kwenye karatasi. Ncha za wa kwanza hufumbwa kama za mshale. Za wa pili hufunguka nje kama matawi. Wengi wanaotazama huuona wa pili kuwa mrefu zaidi, na hata wakipima kwa rula, kiinimacho hakiondoki. Mjerumani Franz Müller-Lyer alichapisha mchoro huo mwaka 1889.

Haukupita muda mrefu mchoro ukageuzwa kipimo cha kulinganisha watu wa mataifa. Mwaka 1898 msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge ulifika visiwa vya Mlangobahari wa Torres, kaskazini mwa Australia. Mtafiti W. H. R. Rivers aligundua kuwa wenyeji walidanganyika kidogo kuliko Waingereza, jambo lisilowafurahisha waliozoea kuwahesabu watu hao kuwa duni.

Wamarekani Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits waliendeleza suala hilo katika kitabu cha mwaka 1966. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda, na Wasuku wa Kongo. Waliodanganyika kuliko wote walikuwa wakazi wa Evanston, Marekani. Watafiti walieleza kwamba aliyekulia kati ya kuta zenye pembe mraba huzoea kuisoma pembe kama dalili ya umbali, na mazoea hayo humponza.

Maelezo hayo, yaliyofundishwa vyuoni kwa miongo mingi, yalitiwa shaka mwaka 2015 na watoto 9 wa India. Walikuwa na umri wa miaka 8 hadi 16, na tangu kuzaliwa macho yao yote mawili yalizibwa na mtoto wa jicho. Walipofanyiwa upasuaji walioneshwa michoro mara moja, kabla hawajazoea kuona ukuta wala pembe. Nao walidanganyika. Makazi, basi, hayatoshi kueleza kila kitu, ingawa hilo halifuti vipimo vya Uganda.

Kazi nyingine imefanyika ndani ya ubongo wenyewe, kwa mashine ya MRI inayofuatilia mtiririko wa damu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwaonesha watu picha ya ujia wenye tufe mbili za ukubwa mmoja. Ile iliyoonekana kuwa mbali ilidhaniwa kubwa zaidi, na katika eneo la kwanza la kuona, lililo kisogoni, iliamsha sehemu pana zaidi, ijapokuwa taswira zao ndani ya jicho zililingana.

Miaka 5 baadaye, huko London, watu 30 walipimwa upana wa eneo hilo. Ulitofautiana sana, hadi takriban mara 3 kati ya mtu na mtu. Wenye eneo dogo ndio waliodanganyika zaidi.