Kula vibichi siku tatu ili "kutoa sumu": nini hutokea mwilini

Ukipita Kariakoo, kutoka Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi, hutakosa kusikia neno "sumu", na si la dawa ya panya. Linahusu mwili wako: kwamba umejaa sumu ya chipsi, soda na nyama choma, na kwamba lazima itoke. Njia moja inayosambazwa sana, kwa mdomo na kwenye makundi ya WhatsApp, ni kula vyakula vibichi pekee kwa siku tatu, tano au saba. Hakuna ugali, wali, chai wala uji. Kinachoruhusiwa ni matunda, majani yasiyopikwa, karoti, matango, dafu, karanga mbichi na juisi za kusaga kwenye blenda. Wapo wanaoongeza unga wa mlonge au shubiri.

Wasikilizaji wetu huuliza mambo mawili: inasaidia? Na ina madhara? Jibu la swali la kwanza ni fupi kuliko la pili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Daktari wa Uswisi, Maximilian Bircher-Benner, alifungua kituo cha tiba mjini Zürich mwaka 1904 na kuwalisha wagonjwa matunda na mboga mbichi. Baadaye Ann Wigmore wa Boston, Marekani, akaeneza juisi ya majani machanga ya ngano. Huku pwani hatukumhitaji mtu wa Zürich atufundishe kachumbari, embe bichi kwa chumvi na pilipili, au dafu. Tofauti ni kwamba kachumbari yetu hukaa pembeni ya pilau, haichukui nafasi ya pilau.

Tusichanganye pia jambo hili na mazungumzo ya Profesa Mohamed Janabi, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambayo yaliwafanya wengi waanze kuhesabu sukari na wanga wanaokula. Kupunguza wanga ni jambo moja. Kuacha moto wa jiko ni jingine.

Je, sumu inatoka?

Mwili una viungo vya kazi hiyo. Ini hubadilisha amonia inayotokana na protini kuwa urea, na huvunja pombe na dawa. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, hurudisha karibu zote kwenye damu, na kutoa lita moja hadi mbili tu za mkojo. Kazi hii hufanyika ukila kande, ukila tikiti, hata ukiwa umelala. Muulize anayekuuzia chupa ya kusafisha ini akutajie jina la sumu moja tu inayotoka. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Lakini mtu aliyejaribu atakwambia kwamba aliona mabadiliko, naye hasemi uongo. Tuyatazame moja moja.

Siku ya kwanza au ya pili kichwa huuma. Anaambiwa ni sumu zinaondoka. Kwa mtu aliyezoea chai ya rangi asubuhi na kikombe cha kahawa chungu jioni, maelezo ya karibu zaidi ni kwamba amekatiza kafeini ghafla. Akivumilia siku chache, kichwa hutulia chenyewe.

Siku ya tatu mizani inaonyesha kilo mbili pungufu. Hiyo si mafuta. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa mfumo wa glaikojeni, na kila gramu moja hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ukila wanga kidogo, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Chumvi nayo ikipungua, maji mengine hufuata. Ukirudi kwenye wali, kilo zinarudi.

Dalili ya tatu ndiyo inayofanya makala haya yaandikwe: kuharisha. Ni kweli kwamba nyuzinyuzi nyingi za ghafla hulainisha choo, hasa kwa mtu aliyezoea sembe. Tatizo ni kwamba mhusika ameshaambiwa afurahie, kwamba tumbo linasafishwa, hivyo anakaa nyumbani akingoja kumalizika. Katika jiji hili hilo ni jambo la hatari. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam, wilaya ya Kinondoni, kikasambaa karibu nchi nzima na kuwaugua watu zaidi ya 20,000. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa kwa kukaukiwa maji ndani ya saa chache. Hana siku tatu za kungoja.

Choo kikiwa cha majimaji matupu, hasa kama maji ya mchele, au kikiambatana na homa, damu au kutapika, siku za vibichi zimekwisha. Changanya pakiti moja ya ORS katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja, anza kunywa, na nenda kituo cha afya huku ukiendelea kunywa. Kwa wakazi wa katikati ya jiji, Mnazi Mmoja na Amana ziko karibu.

Jiko lilikuwa linatulinda

Watu husahau kwamba sababu kubwa ya kupika mboga haikuwa ladha tu. Mchicha mwingi unaoliwa mjini hulimwa mjini humu, ikiwemo bonde la Mto Msimbazi, mto unaopokea maji machafu ya makazi na viwanda. Ukichemka na nazi, vijidudu hufa. Ukisagwa mbichi kwenye blenda pamoja na nanasi, vinaingia tumboni vilivyo: vijidudu vya taifodi na kipindupindu, mayai ya minyoo, hata mayai ya tegu. Watafiti pia wamekuta madini mazito kama risasi kwenye mboga za bonde hilo. Hayo hata moto hauyatoi, hivyo inafaa kumuuliza muuzaji mchicha wake umetoka wapi.

Kwa anayetaka kujaribu, chaguo salama ni tunda lenye ganda ambalo utalimenya mwenyewe: ndizi mbivu, chungwa la Muheza, nanasi la Kiwangwa, parachichi la Njombe, papai, embe. Osha hata ganda kabla ya kukata, maana kisu hubeba uchafu wa nje kwenda ndani. Majani, nyanya na karoti zioshwe kwa maji yanayotiririka, kisha zisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Chumvi na siki si mbadala wa klorini. Barafu ya juisi iwe ya maji yaleyale salama. Matunda yaliyokwisha kukatwa barabarani yaache. Si bure kwamba kipindupindu kinapozuka mamlaka huyapiga marufuku.

Visivyoliwa vibichi

Muhogo mbichi, nazi na karanga ni vitafunwa vinavyojulikana mjini hapa, na akina baba wana sababu zao za kuvinunua. Muhogo mtamu una sianidi kidogo na kipande si tatizo kwa wengi. Muhogo mchungu ni habari nyingine. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa wa konzo uliopooza miguu ya watu ulionekana Tarime, mkoani Mara, kwa sababu ya muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Kwa macho huwezi kuutofautisha na mtamu, kwa hiyo usiufanye mlo wa siku tatu.

Maharage mekundu mabichi, au yaliyolowekwa bila kuchemshwa, hutapisha vibaya; yanahitaji kuchemka sawasawa dakika 10 angalau. Maziwa mabichi hubeba brusela na kifua kikuu. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, ambayo hushambulia ini lilelile mtu analotaka kulisafisha. Na birimbi, ambazo hapa pwani tunazipenda kwenye achari, zina oksalate nyingi: huko Kerala, India, madaktari waliripoti watu ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi yake nzito.

Nani asijaribu

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia, kwa sababu dawa inaendelea kufanya kazi ilhali chakula kimepungua. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kudhuriwa na potasiamu ya ndizi, dafu na parachichi. Moyo wake unaweza kusimama. Anayetumia warfarini asibadilishe ghafla kiasi cha majani anachokula. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na walio kwenye dawa za kifua kikuu au VVU waongee kwanza na mhudumu wao. Na anayekuambia uache dawa za hospitali ili "vibichi vifanye kazi" usimsikilize, hata awe mstaarabu kiasi gani.

Mtu mzima mwenye afya, akiosha vizuri, siku tatu hazitamdhuru. Huenda zikamfundisha kitu kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 nchini hawafikii kiasi hicho. Kukifikia hakuhitaji kuzima jiko. Nyanya iliyopikwa hutoa laikopini kwa urahisi kuliko mbichi, na karoti yenye mafuta kidogo humpa mlaji vitamini A zaidi. Siku ya nne, rudisha wali nusu sahani, mchicha wa kupikwa robo, kachumbari robo, na tunda zima badala ya juisi yake iliyochujwa.