Ndege nyuki zinavyoweza kugawana anga na ndege za abiria Songea

MKAZI wa Ruhuwiko, Manispaa ya Songea, anayerusha ndege nyuki kutoka uani kwake ili apige picha za harusi ya jirani anaweza kuamini kwamba anga iliyo juu ya paa lake haina mwenyewe. Lakini Ruhuwiko ndiko uliko Uwanja wa Ndege wa Songea, na anga hiyo hiyo ni njia ya ndege zinazoleta abiria kutoka Dar es Salaam.

Ndege nyuki, ambazo wengine huziita droni, ni ndege ndogo zisizo na rubani ndani yake, zinazoongozwa kwa rimoti au simu ya mkononi. Awali zilijulikana zaidi kama zana za kijeshi. Siku hizi mpiga picha wa mtaani anaweza kuwa nayo begani, ndani ya mkoba mdogo.

Nchini, vyombo hivyo vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kupitia kanuni za mwaka 2018 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga. Mmiliki anatakiwa kuisajili ndege yake na kupata kibali kabla ya kuirusha. Kwa sababu za kiusalama, Wizara ya Ulinzi nayo huhusika katika utoaji wa vibali. Katika mkoa unaopakana na Msumbiji, si vigumu kuelewa kwa nini.

Kikomo cha urefu kinachotumika katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, ni futi 400 kutoka ardhini, sawa na mita 120 hivi. Warushaji wengi wa kujifurahisha wanakifahamu kikomo hicho, na hapo ndipo kosa la kwanza huanzia, kwani hudhani kwamba aliye chini ya mita 120 yuko salama popote alipo.

Hesabu inaonyesha vinginevyo. Ndege ya abiria inapokwenda kutua hushuka kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3. Kwa mteremko huo, ikiwa imebakiza kilomita 2.3 kugusa ardhi, iko mita 120 tu juu ya uwanja. Ikibakiza kilomita moja, iko mita 52. Kwa maneno mengine, anayerusha ndege nyuki ndani ya kikomo cha urefu, lakini kwenye mstari wa barabara ya kurukia, anaweza kuwa ameiweka hasa mbele ya pua ya ndege.

Rubani hana nafasi kubwa ya kujinusuru. Ndege aina ya Bombardier Q400 yenye viti 76, ambayo Air Tanzania imekuwa ikiitumia katika safari za Songea, inapokaribia kutua huwa kwenye mwendo wa kilomita 220 kwa saa hivi, yaani zaidi ya mita 60 kwa kila sekunde. Kitu chenye ukubwa wa sahani, kikiwa kimesimama hewani, ni vigumu kukiona kabla ya kufika mita mia chache. Zinabaki sekunde tano au pungufu, wakati marubani wana shughuli nyingi kuliko kipindi kingine chochote cha safari.

Rada haiwezi kutegemewa kuziba pengo hilo. Rada nne za kiraia zilizofungwa nchini ziko Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, nazo ni za kuongoza ndege kubwa. Hazikuundwa kutafuta chombo cha plastiki kinachoelea juu ya migomba.

Wapo wanaojitetea kwamba chombo chenyewe ni chepesi. Januari 9, 2025, wakati moto mkubwa ukiteketeza eneo la Palisades, Los Angeles, Marekani, ndege nyuki iligonga bawa la ndege ya kuzima moto aina ya CL-415 na kulitoboa. Ndege hiyo ilitua salama, lakini ililazimika kuacha kazi na kutengenezwa huku moto ukiendelea kuunguza nyumba za watu. Kilichotoboa bawa hilo ni chombo cha aina ambayo uzito wake haufiki gramu 250. Mwenyewe alikuwa amekipeleka umbali wa mita 2,500 hivi kwenda kuangalia moto, kisha akakipoteza machoni. Baadaye alikiri kosa mahakamani.

Tukio jingine lilitokea jioni ya Septemba 21, 2017, karibu na Staten Island, New York, ambako ndege nyuki iligonga helikopta ya Jeshi la Marekani aina ya Black Hawk. Wachunguzi walimpata mmiliki kwa kufuatilia namba iliyokuwa kwenye kipande cha mota kilichonasa katika helikopta. Alikuwa umbali wa takriban kilomita 4, na mpaka alipofikiwa hakuwa na habari kwamba ndege yake imegonga kitu.

Katika matukio yote mawili chombo kilikuwa kimepita upeo wa macho ya mwenyewe. Picha ya kwenye simu haionyeshi kinachokuja kutoka nyuma au ubavuni, ndiyo maana kumtaka mrushaji aione ndege yake kwa macho yake muda wote kuna uzito kuliko hata kikomo cha urefu.

Songea ina jambo lake la ziada, nalo ni milima. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Milima ya Matogoro, chanzo cha Mto Ruvuma, imeinuka pembeni yake. Mandhari hiyo huvutia wapiga picha. Hata hivyo, ndege nyuki nyingi huhesabu urefu kuanzia mahali zilipopaa. Ikirushwa kutoka kileleni, kisha ikasogea juu ya bonde, kioo kitaendelea kuonyesha mita 120 wakati kutoka ardhini imefika mita 300 au zaidi. Marubani, kwa upande wao, husoma urefu kutoka usawa wa bahari. Namba za watu hao wawili hazifanani hata wakiwa mahali pamoja.

Aidha, si ndege zote huruka juu. Helikopta zimekuwa sehemu ya kampeni nchini tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 2005, na hutua viwanjani, katikati ya umati ule ule ambao mpiga picha hutamani kuupiga kutoka angani. Ndege za doria ya wanyamapori na za kunyunyizia dawa nazo hupita chini sana, mara nyingi bila ratiba inayojulikana kwa raia. Kanuni ya kimataifa hapa haina utata: chombo kisicho na mtu humpisha chenye mtu.

Teknolojia husaidia kwa kiasi. Kampuni ya DJI ya China ilikuwa ikizuia vyombo vyake kuruka karibu na viwanja vikubwa, lakini Januari 2025 iliondoa kizuizi hicho kwa watumiaji wa Marekani na kubakiza onyo kwenye kioo. Uamuzi umerudi mikononi mwa mrushaji.

Marufuku ya jumla nayo haijawa dawa. Kenya ilizuia matumizi ya ndege nyuki bila kibali mwaka 2015, Bunge likafuta kanuni za kwanza mwaka 2018, na kanuni zinazotumika zilipatikana mwaka 2020. Miaka yote hiyo vyombo viliendelea kuingia nchini humo. Mlolongo wa vibali ukiwa mrefu, mwenye harusi ya Jumamosi hataungoja, na anayeruka kwa kificho hawezi kupiga simu uwanjani kueleza yuko wapi.

Mahali palipo na mawasiliano, kugawana anga kumewezekana. Mwaka 2018 ndege nyuki za mradi wa majaribio zilisafirisha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, safari ya kilomita 60 iliyochukua dakika 40 hivi. Jirani na Ruvuma, Malawi ilitenga ukanda wa majaribio Kasungu mwaka 2017. Huko kote, wenye ndege za kawaida walijua nani yuko angani, na wapi.

Kwa mrushaji wa Songea, hatua ya kwanza baada ya kibali ni kuwasiliana na uwanja wa ndege kujua saa za ndege kuingia na kutoka, akikumbuka kwamba ratiba hubadilika. Awe na msaidizi anayetazama anga wakati yeye anatazama kioo. Akisikia mngurumo, ashushe chombo mara moja bila kusubiri kuona ndege inatokea upande gani. Asibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani, kwa kuwa vyombo vingi hupanda juu kwanza kabla ya kurudi.

Na endapo atahisi kuwa chombo chake kimegusa ndege, autaarifu uwanja papo hapo. Ndege iliyotua salama ikiwa na ufa bawani inaweza kupaa tena na abiria wengine baada ya nusu saa.